Bodi za Kuchonga Nilizozichagua kwa Mdomo

Bi Mazoon, mpendwa mshauri wetu,

Naomba unisaidie, na naomba usinicheke mpaka ufike katikati ya barua, hapo nakupa ruhusa. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na sita, naishi Ghubra, hapa Maskati, fundi wa mafriji na viyoyozi, skuli nliishia darasa la sita lakini baridi naijua kuliko profesa, maana nimekaa nayo miaka ishirini na nane, na balaa langu lilianzia hapo hapo, kwa sababu mtu akishajua kutengeneza friji hudhani na theluji ni jamaa yake.

Nna dada yangu, Nunu, yuko Hail, mtaa mwengine wa hapa hapa Maskati. Mumewe alifariki mtoto wao Talal akiwa na miaka saba, basi mimi mjomba ndiye nliyekuwa namchukua kila Ijumaa, na mtoto aliyefiwa na baba, Bi Mazoon, humpi hadithi ya kompresa ya friji, unampa kitu cha kumnyanyua, mimi nkampa Uswisi. Ukweli wa Uswisi ni huu: bosi wangu wa zamani alikwenda kutibiwa Geneva, nkafuatana naye kubeba mikoba na chupa ya kahawa, siku kumi na moja, theluji nliiona kwenye dirisha la hospitali, na siku nliyotoka nje kuigusa nliteleza kwenye ngazi ya tatu nkakalia kitako, nkarudi Maskati na mto wa kukalia. Lakini alichosikia Talal ni kwamba mjomba wake aliteremka mlima mzima juu ya ubao mmoja, mbwa anamfukuza. Mwaka wa pili yule mbwa akawa mbwa mwitu, mtoto alipofika darasa la nane wakawa wawili, na mmoja nlimtandika puani na ule ubao.

Sasa Talal kawa injinia, na mwaka huu kaoa. Mkewe anaitwa Atheer, mtoto mpole, ananiita mjomba kama nliyezaliwa tumbo moja na mama yake, hata hesabu ya ukoo ananivurugia kwa mapenzi. Wamepanga kwenda Georgia, kwenye milima ya theluji, kuteremka kwa ubao, wenyewe wanauita bodi, siku kumi, na mimi wamenikatia tikiti, "maana bila ya mjomba nani atatufundisha?" Hapo ndipo ningesema kweli. Kinywa nlikifungua kwa nia hiyo hiyo, wallahi, kikatoka: "Mimi huteremka mguu wa kushoto mbele, jiandaeni kunifuata."

Wiki ile Talal akaniandikia kwenye simu, "Mjomba, tununue bodi za kawaida au za kaving?" Nkaifunika simu na kiganja, kana kwamba itaniona, nkamwuliza binti yangu Reem, "Hii kaving kitu gani?" Hata macho hakunyanyua. "Kuchonga, baba." Kuchonga! Moyo wangu ukatulia kabisa, kwa sababu babu yangu Unguja alikuwa mchonga milango, na milango mimi naijua. Nkarikodi sauti ya dakika nne. "Talal mwanangu, ya kuchonga, usikubali nyengine! Iwe ndefu, iwe nyembamba, ngumu isiyopinda, ukiigonga ilie. Na uzuri wake uutazame pembezoni, kazi yote iko pembezoni."

Nlikuwa nasema nakshi, Bi Mazoon. Mimi machoni pangu nlikuwa naona maua na minyororo, kama mlango wa tajiri. Kumbe duniani ipo bodi ya theluji ndefu, nyembamba, ngumu, na kazi yake yote iko kwenye makali ya pembezoni, na ni ya watu wa mashindano! Talal akanijibu, "Mjomba, muuzaji kauliza nani kanishauri, kasema watu wanaojua namna hii hawapatikani tena." Ungelikuwa wewe ungelisikia aibu. Mimi nlisikia raha, nkairudia ile sauti yangu mara tatu. Wakaagiza mbili, yake na ya mkewe, sawasawa kama mapacha.

Ijumaa iliyopita tukaenda kuzijaribu, kwenye ukumbi mmoja wa theluji hapa hapa Maskati, kilima chenyewe kifupi. Mimi nlisema mgongo umenishika, nkakaa kwenye kiti nkawa nafundisha kwa kidole. Atheer kasimama juu ya bodi ambayo ukiisimamisha inampita kichwa, na ile bodi ikaondoka naye moja kwa moja, haijui kulia wala kushoto, ikampeleka hadi kwenye magodoro ya ukutani. Mara ya nne kaangukia mkono. Daktari kasema haukuvunjika, kamfunga bendeji ya kifundo. Hilo lingenipita. Lisilonipita ni kwamba akiwa bado kakaa pale chini, anajifuta machozi kwa glavu, alinambia, "Nisamehe mjomba, umetuchagulia bodi nzuri, mimi tu ndiye mzito." Na mimi, Marhoon mzima na ndevu zangu, nlimjibu nini? Nlimjibu, "Usijali mwanangu, kunja magoti, utazoea."

Pale wanapokodisha mabuti yuko mama mmoja wa Kiganda, Namagembe, mtu wa miaka arubaini hivi. Akanivuta pembeni.

"Mzee, hizi bodi nani alichagua?"

"Mimi. Nimeteremka Uswisi."

"Uswisi gani?"

"Geneva."

"Geneva ni mji, mzee, tena una ziwa. Mlima gani?"

Nkamwambia, "Ule wa nyuma."

Hakucheka, bora angecheka. Akanieleza kwamba miaka tisa alifanya kazi kwa familia moja mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na kila baridi wakimpeleka nao Ulaya kuangalia watoto, na watoto wakimtoroka kwa bodi. "Sasa mimi ningewashika namna gani na viatu? Nikajifunza." Basi mie nliyekwenda kubeba kahawa nimerudi bingwa, na yeye aliyeteremka milima miaka tisa anafunga watu kamba za mabuti. Akasema, "Mzee, hii ni mushkila. Hapa kilima ni kidogo, ameumia mkono. Kule itakuwa shingo. Utawaambia wewe ama niwaambie mimi?"

Nkamwomba, kwa heshima zote, aseme bodi zina kasoro ya kiwandani.

"Hazina, mzee. Bodi ni nzuri sana. Kasoro iko kwa aliyechagua."

Bi Mazoon, ndege ni Alkhamisi ya wiki ijayo. Atheer anafanya mazoezi sebuleni kwa mama mkwe wake, kule Hail, kasimama juu ya bodi kwenye zulia na bendeji yake, eti asiniaibishe. Dada yangu Nunu hakutaka waende, karidhi kwa sababu yangu, alinishika mkono mlangoni akanambia, "Marhoon, mimi nna mtoto mmoja tu. Wewe unaijua ile milima, nakupa wewe." Nikisema kweli, mtoto nliyemlea ataanza kuhesabu nyuma, leo mbwa mwitu, kesho kila nilichomwambia tokea baba yake afe. Nikinyamaza, sijui nani atarudi na nini. Basi naomba uniandikie bodi gani ni ya theluji gani, kwa ufupi, nimtumie Talal sauti nyengine kama bingwa aliyebadilisha mawazo, au nambie kama nijitie mgonjwa, maana mgongo tayari nshaanza kuutangaza.

Jina langu tafadhali usilitaje.

Mjomba, Ghubra

*

Mjomba wa Ghubra,

Jina lako uliliandika mwenyewe mara mbili. Nimelibadilisha, na ya jamaa zako wote, kwa hiyo vuta pumzi. Ruhusa ya kucheka niliitumia yote ulipofika kwenye mlima wa nyuma. Sasa nimemaliza.

Sikugombezi kwa ajili ya mbwa mwitu. Mtoto wa miaka saba alikuwa kazikiwa baba, wewe ukamtafutia mjomba asiyeogopa kitu, na kila Ijumaa ulikuwepo. Hizo Ijumaa ni za kweli, na Talal akihesabu nyuma atazikuta zote. Kosa lako liko kwenye neno moja: "utazoea." Binti wa watu kaumia kwa ajili ya mdomo wako, kajilaumu mwenyewe, kakuomba na msamaha juu, na wewe ukaupokea! Hukuona haya? Kaburi la uongo wa Uswisi lingechimbwa kimya kimya, hakuna aliyedhurika. Huu wa Ijumaa una bendeji.

Umeniuliza habari za bodi. Mimi sijui. Litazame neno hilo lilivyo fupi, na bado niko hai. Nlikwenda kwenye ukumbi ule kumwuliza anayejua. Namagembe alinivalisha mabuti nikiwa na abaya langu vile vile, akanisimamisha kwenye theluji, nikaanguka nikiwa nimesimama pale pale, kisha akanieleza.

Kuchonga kwao ni kuilaza bodi ubavu, ikate theluji kwa makali yake na kuacha nyuma mstari mwembamba kama wa kisu. Bodi yako ndefu ngumu ni ya kazi hiyo tu. Inataka theluji iliyosawazishwa na mashine asubuhi, njia pana, na mtu aliyekwishajua kuilaza. Kwa mtu huyo ule ugumu ndio nguvu, kwa mwanafunzi ni kama kupanda farasi asiyegeuka. Pale palipoganda hasa, wanaojua hutaka ngumu hiyo hiyo na makali yamenolewa. Theluji mpya ikiwa imeshuka usiku na ni laini ya magotini, nyembamba inazama. Wanachukua yenye pua pana iliyonyanyuka, na miguu wanaifunga nyuma kidogo. Jua likiigeuza uji mchana, bodi ipakwe nta ya wakati wa joto, la sivyo inanata. Kwenye miti na mabonde, fupi inayogeuka upesi. Na bodi ina kiuno: kikiwa chembamba kuliko urefu wa buti, vidole vinaburura chini na mtu anarushwa. Namagembe aliwapima wote wawili siku ile. Talal kiatu chake ni namba arubaini na tano, kwa hiyo hata yeye ile bodi si yake bado. Atheer apewe laini, isiyopita kidevu chake, kingo zake zimenyanyuka kidogo zisimkwame. Wakodi kule kule mlimani, kila asubuhi watazame theluji kwanza ndipo wachague. Na Atheer asipande chochote mpaka daktari amruhusu, hata kama ni siku ya tisa ya safari, hata kama ni kurudi bila kupanda.

Hayo nimeyaandika hapa ili Talal na mkewe wayasome. Si kwa ajili ya wewe kuyakariri na kuyarikodi. Umenielewa? Sauti ya dakika nne umeshatuma moja, inatosha kwa umri wako.

Ugonjwa pia usahau. Ukijilaza kitandani Alkhamisi, bodi zitapanda ndege bila yako, na Nunu atakuwa kamkabidhi mwanawe kwa mtu aliyejifunika blanketi.

Nenda Hail leo, wewe mwenyewe. Anza na Atheer, kabla ya Talal, kabla ya dada yako, kwa sababu yeye ndiye anayejiumiza sebuleni hivi sasa. Mwambie hivi: "Mwanangu, wewe si mzito. Bodi nliichagua mimi na mimi sijui kitu, na ulipoanguka nlijua na nkanyamaza. Nisamehe." Basi, funga mdomo. Ukihisi Geneva inapanda kooni, kunywa maji. Usimwambie ulivyosikitika, usimwambie hadithi ya mlango ili acheke upesi. Ya mlango utawahadithia wakishakasirika, na watakasirika, waache. Talal atakuuliza, "Hata mbwa mwitu, mjomba?" Mjibu, "Hata mbwa." Nunu mwambie kwamba mlima huujui, na achague upya kama anaridhi waende. Haki hiyo ulimwibia mlangoni kwake, mrudishie hapo hapo.

Halafu kabla ya safari mtafuteni Namagembe, nyinyi watatu, mwombeni awafundishe muda wowote atakaoweza, Atheer akitazama tu kwa sasa. Muite mwalimu, tena mbele ya Talal, kwa sauti.

Na Georgia uende. Tikiti walikukatia mjomba, bingwa alikuwa mzigo wa ziada. Vaa buti, simama kwenye kilima cha watoto pamoja na wanafunzi wengine, uanguke kama ulivyoandikiwa kuanguka. Ukiwa umekaa pale chini na theluji imekuingia shingoni, Atheer atakuja kukunyoshea mkono wake ule mzima. Ushike, unyanyuke, na umwambie ahsante, si zaidi.

Bi Mazoon