Kayabo Yako Imefika Vienna

Mdogo wangu Nyangeta,

Natumaini Kibara mko wazima na mvua haijawaharibia mihogo. Huku Vienna baridi inaisha, miti imeanza kuchanua. Mwanangu alisema tunatoka mjini anakoishi tunakuja huku siku nne kupumzika na watoto, hakuna haraka wala ratiba. Kweli wanapumzika, yeye na mkewe. Wakilala mchana, mimi nasukuma wajukuu kwenye bembea.

Jana nikapika ile kayabo uliyoikausha kwa mikono yako, watoto waonje samaki wa kwao. Mkamwana akafungua madirisha yote. Mjukuu mkubwa akaziba pua, akasema kitu kwa lugha yao, baba yake akacheka. Hakunitafsiria. Halafu huyo huyo mwanangu, aliyekuwa anakulaga kayabo kwako mpaka analamba sahani, akaifunga kwenye mfuko akashuka nayo kwenye pipa la taka. Tukala piza.

Jumapili watakupigia kukushukuru. Nakuomba, mdogo wangu, usiwaulize kama ilikuwa tamu. Watasema ndiyo, na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo nasikia.

Nimekukumbuka kuliko siku zote.

Dada yako