Bima Yangu Inamshtaki Verna

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa hapa Duluth mwenye bahati kama mimi hajazaliwa wa pili: mrija wa mashine yangu ya kuoshea vyombo ulipasuka nikiwa ziwani navua samaki juu ya barafu, maji yakala sakafu yote, na kampuni ya bima ikanijengea jiko ambalo hata shemeji yangu, mdomo mchafu yule, aliingia akavua viatu bila kuambiwa. Sasa bima inataka irudishiwe chake, imeshtaki katika mahakama ya shirikisho kiwanda kilichotengeneza mrija pamoja na Verna aliyeniuzia, mwenye kaduka kamoja tu ka vifaa alikorithi kwa babake, na wakili wa bima ananipigia simu kila siku, "Mzee Arvid, wewe ndiye shahidi wetu nambari moja!" nami, niliyefika Chicago mara mbili, kichwa kikavimba. Alhamisi naapishwa nitoe ushahidi. Lakini jana Verna kanishika mkono kanisani, macho mekundu: "Arvid, si mrija uliukaza kwa mkono tu, kama nilivyokwambia?" Nikasema, "Kwa mkono, dada." Mke wangu Marlys akanitazama jicho la pembeni, maana siku nilipoufunga mrija mwenyewe alinipigia kelele, "Wewe mzee, karatasi ya maelekezo inasema kwa mkono!" nikamjibu, "Mkono wa nani? Wa huyo aliyeandika karatasi?" nikachukua spana ya marehemu baba nikaikaza nati ya plastiki mpaka ikalia tak. Bima haijui. Nikisema, mji mzima utanicheka, mimi fundi wa majirani wote. Nikinyamaza, Verna anafunga duka. Basi, bahati yenyewe hakuna. Mrija niliuvunja mimi.

Arvid, Duluth

Arvid,

Pole kwa sakafu. Pole nyingine zote nampa Verna. Chicago mara mbili, na bado hujajua plastiki si chuma? Majirani watakucheka, ndiyo, na mimi nimeshaanza. Kicheko hakijafunga duka la mtu.

Lakini umeandika, kwa hiyo moyo unao. Usingoje Alhamisi. Tafuta wakili wako mwenyewe leo, kwa sababu yule wa simu ni wa bima, si wako, halafu bima iambiwe ukweli wote. Hutaitwa tena nambari moja, utazoea. Spana usiitupe ziwani, najua umeshaiwazia.

Kwa Verna nenda kwa miguu yako, mwambie ulimdanganya kanisani. Akikufungia mlango, rudi kesho.