Kibanio Namba Sabini na Moja: Kwa Baba Yetu, Norman Threlkeld

Leo, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka umetimia, Baba, tangu Mama alipoingia sebuleni na kukukuta kwenye kiti chako, miwani usoni, gazeti mapajani, umeshatuacha. Watu hutuambia mwaka hupita mbio. Huu haukupita mbio. Ulijikokota siku moja moja, na sisi tukajikokota nao.

Kwenye ukurasa huu wa gazeti familia huandika mambo mazuri tu. Yako ni mengi na tutayaandika. Lakini kuna jambo ulikufa bila kulijua, na Mama ameshikilia lichapishwe papa hapa, wanaposoma watu wa klabu yako ya kurusha ndege za rimoti. Ulikufa ukiamini kwamba mikono yako imekwisha. Haikuwa imekwisha. Tuvumilie kidogo, tutafika huko.

Tuanze na mikono yenyewe. Ulipiga lipu karibu nusu ya nyumba za mji huu, na kuta zako zilikuwa laini hata buibui hapati pa kushika. Wateja wa miaka thelathini iliyopita bado wanatusimamisha dukani kutuambia kwamba dari uliyowapigia haijapata ufa. Ukipita barabarani ukaona kazi mbovu ya mwenzako, ulikuwa unaguna kama mtu mwenye jino bovu. Mama anasema, "Norman, hiyo si nyumba yako." Nawe unajibu, "Ndiyo maana naguna tu, siingii."

Halafu ndege. Ulikuwa hutaki tuziite ndege za kuchezea. "Za kuchezea huvunjwa na watoto," ulisema. "Hizi navunja mwenyewe." Ulizijenga kwenye meza ya jikoni kwa mbao nyepesi kama biskuti, ukazivika ngozi nyembamba ya plastiki, na ngozi hiyo ukaibana kwa pasi ya Mama. Shati ulilovaa kwenye harusi ya binti yako Janine lilikuwa na doa jekundu la plastiki hiyo kwenye kola, tena mbele. Mama alinunua pasi ya pili, akaiandika NGUO kwa herufi kubwa. Ukaitumia hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa inapata moto vizuri zaidi.

Majira yako yalikuwa haya, majani yanapopukutika. Wenzako walipenda jua la Julai, wewe ukiita hilo kazi ya wavivu. Ulipenda Oktoba ya kwetu: jua dakika kumi, manyunyu, upepo unaoteremka mlima Kell bila kubisha hodi, kisha jua tena. Ulikaa garini kwenye malisho ya Skelbeck na chupa ya chai, keki ya zabibu ya Mama na kipande chako cha jibini juu yake, ukiwatazama kondoo. Wakianza kusogea ukutani kujikinga ulisema, "Bado." Wakitawanyika ulisema, "Haya, twende." Na tone la kwanza likianguka, ulikuwa unatua. Siku zote. Hukuwahi kurusha ndege kwenye mvua ili kumwonyesha mtu kitu. Mara moja tu.

Asiyejua mambo haya inabidi aelezwe jambo moja. Rimoti za zamani kama zako zina namba. Watu wawili wakiwasha rimoti za namba moja kwa wakati mmoja, ndege iliyo angani husikia sauti mbili na haimtii yeyote. Ndiyo maana pale Skelbeck, uwanjani kwenu, kuna ubao wa vibanio vya nguo, kila kibanio na namba yake, na ubao huo uliupaka rangi wewe. Anayetaka kuwasha huchukua kwanza kibanio cha namba yake, akakibana kwenye koti. Asiyekuwa nacho hagusi swichi. Ulimfundisha mwanao Russell sheria hiyo akiwa na miaka tisa. "Huna kibanio, huwashi. Hata nyumba ikiungua, huwashi." Siku hizi wenzako wana rimoti mpya zisizogombana, na ubao ule ulibaki kuwa wako na wazee wengine wawili. Keith Airey, mwenyekiti wenu, alikuwa akikutania kwamba utazikwa na kibanio. Ulicheka kuliko sisi.

Namba yako ilikuwa sabini na moja. Rimoti uliyomwachia Russell alipohamia jijini nayo ilikuwa sabini na moja, kwa sababu ulizinunua mbili pamoja, moja ikiharibika nyingine ishike kazi.

Sasa siku yenyewe. Jumapili ya pili ya Oktoba, mwaka jana. Russell alikuwa hajafika uwanjani miaka sita. Ulimpigia simu wewe mwenyewe, wewe usiyependa simu, ukamwambia njoo uone hii mpya, chini ya mabawa nimeiweka nyekundu ili isinipotee kwenye mawingu. Alikuja. Alichelewa saa nzima, na Mama alishapanga kumgombeza lakini hakumgombeza.

Uliirusha, na Keith anasema hajapata kukuona ukirusha vizuri namna ile. Kisha manyunyu yakaanza, na Russell akakimbilia garini kwake.

Hapa ndipo tunapopata shida kuandika.

Vioo vya gari vilikuwa na ukungu. Ndege yako mpya ilikuwa ya betri, haina kelele, kwa sababu mwenye malisho alilalamika kuhusu kondoo wake. Russell alijua kwamba tone likianguka wewe unatua, kwa hiyo alijua umetua. Akafungua buti, akatoa ile rimoti ya zamani, akarudi nayo kitini. Alitaka kuona kama betri ingali hai. Aliwasha, akahesabu mpaka tano, mshale wa betri ukapanda, akafurahi. Akazima. Akatoka akimbie kukuambia kwamba rimoti yako ya zamani haijafa.

Akaona wanaume watatu wanatembea malishoni, mmoja amebeba bawa jekundu.

Hukuwa umetua, Baba. Ulibaki juu kwenye manyunyu kwa sababu mwanao amekuja.

"Nimeipoteza kwenye wingu, mwanangu," ulimwambia. "Ilikuwa mkononi, halafu haikuwa mkononi. Vidole vimekataa."

Russell anasema alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Pole, Baba."

Keith alikuja nyumbani siku ya tatu, kofia mkononi. Si mtu mbaya. "Norman, ndugu yangu, hakuna anayekufukuza," alisema. "Ila tumeonelea, kwa muda, usiruke peke yako. Mmoja wetu asimame kando yako. Ile ndege ilipita karibu na kichwa cha Ted."

"Mmeanza lini kunionea haya?" ulimwuliza.

"Hapana, si hivyo."

"Mmesema vyema," ukasema. "Mmesema vyema kabisa. Kunywa chai."

Baada ya hapo ulianza kujifungia mlango mmoja mmoja. Ulimpa Mama funguo za gari, naye hajaendesha miaka ishirini, kwa hiyo wote wawili mkabaki nyumbani. Ulikuwa umemwahidi Tamsin kumpigia lipu dari ya chumba chake. Alipokukumbusha ulimwambia, "Mwite fundi mwingine, mjukuu wangu. Mikono hii imeshaniaibisha mara moja." Ulianza kushika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa hakitetemeki, Baba. Tulikitazama sote. Hakikutetemeka hata siku moja, lakini wewe ulikishika kwa mikono miwili.

Russell alikuja Jumapili nne mfululizo. Mama alifurahi sana, akidhani mtoto amerudi kwa wazazi wake. Kila Jumapili alikuja akiwa amejiandaa kusema, akala keki, akaondoka. Ya nne alifika mbali kidogo.

"Baba," alisema, "siku ile uwanjani..."

"Tusiizungumze," ulimkata. "Nilitaka tu uione ikiruka vizuri. Basi. Niwekee jibini."

Akakuwekea jibini. Anasema alimshukuru Mungu kwamba umemkataza. Siku chache baadaye hukuwapo tena. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka. Mama alimjibu kwamba moyo wako ulikuwa mzima mpaka Oktoba, na daktari hakubishana naye.

Septemba hii Mama alitaka kulisafisha banda lako, vifaa vyako viende kwa klabu. Alimpigia Russell alete ile rimoti ya zamani, ziende zote mbili pamoja. Russell alikuja nayo, akaiweka mezani, akashindwa kukaa. Alimwambia akiwa amesimama. Janine alikuwa kwenye sinki, akaacha maji yanatiririka.

"Sabini na moja," Mama alisema.

"Ndiyo."

"Bila kibanio."

"Bila kibanio, Mama."

Mama aliinuka, akafunga bomba, akarudi kukaa. "Na ukawa unakuja hapa kula keki yangu."

Russell alianza kulia. Ana miaka arobaini na tisa. Alimwomba Mama radhi, na Mama akamwinulia kiganja.

"Mimi usiniombe. Si mimi niliyeambiwa nisirushe ndege. Nenda kamwambie Keith, wakiwa wote, uwanjani, si kwa simu. Ukishamaliza usije hapa mpaka nikuite."

Alikwenda. Walikuwa kumi na mmoja, Jumapili yenye upepo, hakuna aliyekuwa ameruka bado. Aliwaeleza kama alivyomweleza Mama. Keith alikaa chini kwenye majani mabichi, suruali yake ikalowa, hakujali. "Mimi ndiye niliyemwendea nyumbani," alisema. "Nikamnywea na chai." Ted, ambaye kichwa chake kilikoswakoswa, aliuliza, "Sasa tufanye nini?" Mvua ikaanza, wakafunga vitu vyao garini.

Walifanya jambo moja waliloliweza. Kwenye daftari lao la ajali palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa Keith, "Rubani alipoteza ndege." Chini yake wameongeza kwa wino, wakatia saini wote kumi na mmoja: "Si kosa la rubani. Norman hakupoteza kitu." Keith alilileta daftari lenyewe nyumbani, Mama alisome. Alilisoma mara mbili.

"Haya," akasema, akamrudishia.

Tulitegemea ukweli ukisemwa tutapata nafuu. Hatukupata. Tumekuwa na hasira, kisha aibu, kisha vyote viwili kwenye meza moja. Mikono yako ilikuwa mizima, na wewe ulikaa wiki tano ukiichukia, na kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye angeweza kukurudishia kwa sentensi moja, naye alikuwa kando yako anakukatia jibini. Tukiamka tunayajua hayo. Tukilala tunayajua hayo. Wewe peke yako ndiye usiyejua, na ndiye uliyekuwa unayahitaji.

Tulikuja kaburini kukuambia. Mama alikataa kusema lolote pale. Alisema hajawahi kuzungumza na jiwe na hataanza leo. Kwa hiyo tumeandika hapa, na tunajua vilevile kwamba hili ni gazeti.

Russell aliomba jina lake lisiwekwe kwenye tangazo hili. Mama alimjibu kupitia Janine, maana bado hajamwita. "Liwekwe. Alikuwa mwanawe siku ile, na ni mwanawe leo. Mimi kuzungumza naye ni habari nyingine."

Wanaokukumbuka: mkeo Avril; binti yako Janine na mumewe Neville; mjukuu wako Tamsin, ambaye dari yake bado haijapigwa lipu na hataki fundi mwingine; dada yako Hester; na mwanao Russell.

Kukukumbuka, Baba, tutakukumbuka maisha yetu yote. Kukuambia ndiko tulikochelewa.