Nani Alimtuma Amnyoe Pamba?

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya salamu, nikuambie alichofanya mwanao Chifu sasa hivi. Ameichukua mashine ya kunyolea ya baba yake, ile ndogo, akaitumbukiza kwenye ndoo ya nguo nilizoloweka, kisha akajipangusa mikono kwenye gauni langu kama fundi aliyemaliza kazi. Sijamchapa. Soma tu, utaelewa.

Haya, hujambo? Mgongo unaendeleaje, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi afya tunayo, ila nina hasira, dada, hasira ya kuninyima hata hamu ya chai.

Unajua tangu Chifu wetu alipolazwa, wakamnyoa kichwa upande mmoja kutafuta mshipa wa sindano, hataki mkono wa mtu kichwani. Nywele zikafanya mafundo. Wateja saluni wakawa wanamtania baba yake: kinyozi gani wewe, mwanao anafuga kichaka? Ndipo nikawaza tumtafutie mtoto wa mbwa mwenye manyoya mengi, aone kwamba kuchanwa si kuumizwa.

Tulikwenda kwa yule mama anayefuga koka spanieli, wale wa masikio marefu yanayoning'inia. Walikuwa watano, kwenye boksi la maranda jikoni kwake. Baba Chifu akamtaka yule aliyeng'ang'ania kamba ya kiatu chake, eti huyo ndiye mchangamfu. Mimi nikawashika mmoja mmoja, nikawanusa ndani ya masikio, maana yule mama alisema yakinuka yana ugonjwa, nikatazama macho kama yana tongotongo. Kisha nikawalaza chali mapajani. Wote walirusha miguu isipokuwa mmoja wa rangi ya asali, aliyeshusha pumzi akanitazama. Nikasema ni huyu. Tukamwita Pamba.

Yule mama alituusia, sote wawili tukisikia: mchaneni kila siku, mkaushieni masikio akishaoga, manyoya ya kwenye vidole myapunguze kwa mkasi, lakini mashine isimguse, itamharibu. Baba Chifu akaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa, dada!

Basi kila asubuhi nikawa namchana Pamba mlangoni, Chifu akitazama kwa mbali. Akasogea. Akaja kushika kitana mwenyewe. Jumatano iliyopita akainamisha kichwa kando ya Pamba, akasema, na mimi. Nilimchana kishungi kimoja tu juu ya sikio, nikaenda kulia bafuni.

Jumamosi natoka sokoni, nasikia vicheko saluni. Namkuta Pamba kwenye kiti cha wateja, kitambaa shingoni, kanyolewa mwili mzima hadi masikio, kaachiwa kishada mkiani. Eti simba! Na watu wazima na ndevu zao wameshika mbavu. Sikio moja linatoka damu. Chifu yuko nyuma yangu, ameshika gauni, anaona yote. Alipiga yowe, akakimbilia chini ya kitanda, mikono kichwani.

Nikamuuliza baba yake, nani alikutuma? Eti alitaka wapita njia waone ufundi wake. Eti nywele si zitaota, mbwa huyo, si bibi harusi. Nikamwambia za Pamba zitaota, je, mwanao atatoka lini kule chini? Kama unatafuta tangazo ninyoe mimi, uniketishe mlangoni! Akashika ufagio, akajifanya ana kazi.

Dada, ninalokuambia sasa libaki letu. Leo Chifu katoka mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mashine, akaileta kwenye ndoo, akahangaika na kifuniko, kikamshinda. Mimi ndiye niliyemfunulia.

Na sasa amekaa sakafuni, anamchana Pamba sikio lisilo na unyoya hata mmoja, polepole, anamwambia haliumi. Loo! Kaja kuniegemea gotini, kichwa kakiinamisha, ananipa kitana.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu. Baba Chifu huyo anaita toka saluni, anaulizia mashine, sauti inakaribia, nami ndiyo kwanza nimeshika kitana, mwambie mama kwamba—