Panya wa Maabara na Mama Muuza Sato

Mama, shikamoo. Mvua ya Mwanza imekoma na mawe ya vilimani yanang'aa.

Jana, kwenye mkutano wa wagonjwa na watafiti hapa Ilemela, nilionyesha chembe zetu za chuma zinazobeba dawa. Nilizitia kwenye glasi ya maji, nikasogeza sumaku kando yake, zikaifuata. Mama mmoja muuza samaki aina ya sato, anayeumwa saratani ya titi kama wewe, akauliza:

"Kwa hiyo dawa itavutwa kwenye uvimbe tu, na daktari ataiona kwenye picha za kipimo?"

"Ndiyo, ila bado tunajaribu kwa panya."

"Basi hao panya wapone haraka!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilipomweleza habari zako, akanikumbatia: "Msalimie sana. Mwambie tuko wote."

Nakuletea dagaa. Kula ushibe, Mama yangu.

Mwanao, Neema