Chuma Menoni

Athi River,
9 Machi 2003.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini goti limeacha kukusumbua na mbaazi zimestahimili jua la hapo Ndithini. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Ijumaa.

Unazijua waya nilizofungwa menoni na Daktari Kasyoka pale Machakos mjini. Mwezi uliopita aliniambia meno yamebanana, hayana pa kusogea. Ama ang'oe mawili mazima, ama apunguze ubavu wa meno ya mbele, unene wa unywele tu, kwa ukanda wa chuma unaokwaruza kama msasa. Nilisingizia kazi nikatoka mbio.

Nilikuwa nimekumbuka ulivyonisimulia kwamba walikulaza chini ukiwa na miaka kumi na miwili, wakakuchonga meno kwa patasi, kama ilivyokuwa mila, ili upendeze, moja likaoza hadi ufizi ukatunga usaha. Ukaniapisha: "Chuma hakitachonga tena meno ya mtu wa nyumba hii."

Nilirudi mara mbili, na mara zote mbili nikashindwa kukaa kitini. Mwishowe nikamweleza daktari yote. Hakucheka. Alisema wale walivunja jino hadi penye uhai, yeye anagusa lile tabaka gumu la nje lisilosikia maumivu.

Mama, Ijumaa nilikubali. Meno ya juu yamekwisha kupunguzwa. Sikuumia hata kidogo, lakini nililia mpaka daktari akasimamisha kazi.

Sikulilia kiapo peke yake. Watu hudhani unaziba mdomo kwa leso ukicheka kwa sababu ya wale waliokuchonga. Mimi na wewe tunajua ukweli. Nilikuwa darasa la nne, ukaja shuleni siku ya wazazi, ukacheka na mwalimu wangu. Nikakuvuta kando nikakwambia usicheke mbele ya wenzangu. Hukunigombeza. Tangu siku hiyo sijayaona meno yako, na sijawahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo.

Ijumaa ijayo ni zamu ya meno ya chini. Kaka Wambua atakuletea barua hii kesho, mpe jibu. Ukisema niache, nitaacha. Lakini hata ukikasirika, nikija Pasaka nipokee bila leso.

Msalimie Baba na majirani wote. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao,
Ndila