Jagi la Mama Kastori

Jumatatu, 8 Juni 1992
Maziwa yamefika kabla sijawasha jiko. Jagi la bluu la jirani yangu, Mama Kastori, limefunikwa sahani. Tangu mwanangu Halima apone surua analeta kila asubuhi, ya ng'ombe aliyepewa na misheni. Hataki hata asante. Nimechemsha, Halima kanywa kikombe kizima. Miaka mitatu, mbavu zote nje. Darasani nimeandika ubaoni: maziwa ni chakula bora.

Jumatano, 10 Juni
Halima anaharisha tena. Tumbo limejaa, linanguruma. Nimemwongezea maziwa apate nguvu.

Jioni basi la Makambako limeleta kifurushi kutoka kwa baba yake. Anauza spea huko Lyamkena, haji kila wiki, lakini hajatusahau. Kopo kubwa la maziwa ya unga. Juzijuzi tu tulipanga foleni ya sukari, leo maduka yana makopo mpaka darini. Nimelia kwa furaha.

Ijumaa, 12 Juni
Hali mbaya. Macho yamezama. Analia bila machozi. Naogopa.

Mama Kastori kaongeza jagi la pili. Halima kakataa, nikamlazimisha kwa kijiko.

Jumamosi, 13 Juni
Hospitali. Amelazwa, ananyweshwa maji ya chumvi na sukari. Daktari, kijana mpole, kauliza anakula nini. Nikataja maziwa kwa majivuno.

"Mwalimu, hayo yapumzike kwanza."

Kanieleza. Kwenye utando wa seli za utumbo kuna protini inayokata sukari ya maziwa. Ugonjwa umeikwangua, itarudi. Kuharisha kukitulia, mtindi kidogo kidogo ataumudu. Hata sisi wakubwa wengi tumepungukiwa nayo: maagizo ya kuitengeneza tunayo, ila mwili huyafunga taratibu baada ya utoto.

Nimekasirika. Nimejikasirikia mimi na ubao wangu. Kisha Halima akakojoa, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikamshukuru Mungu palepale, mkojo wenyewe ukiwa mapajani kwangu.

Jumatatu, 15 Juni
Tumeruhusiwa. Njia nzima nawaza nitamwambiaje Mama Kastori. Ataona namdharau.

Hata sijavua viatu, huyo na jagi. "Kamwene, Mwalimu," akanisalimu. Nikamweleza yote, natazama sakafu.

Kacheka mpaka akaketi. "Mimi mwenyewe haya siyawezi, Mwalimu. Nikinywa, usiku mzima tumbo linanisema. Ya kwangu nagandisha. Nilijua ninyi wa mjini mnapenda hivi."

Jagi akarudi nalo. Nimecheka peke yangu jikoni, nikifuta machozi.

Jumatano, 24 Juni
Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Mtindi sasa unakuja kwenye kibuyu. Kopo la baba yake liko juu ya kabati, linasubiri. Nimemwandikia asante tu, mengine nitamwambia akija.

Halima kamaliza kikombe, kaomba kingine, kapewa. Kaomba tena, nikamnyima. Akalia kwa hasira.

Machozi tele, mpaka kidevuni. Nimeyatazama kidogo kabla ya kumfuta.